Picha ya Dume Asiye na Nywele za Shingoni

Bi Mwajuma, Bi Pili, na wewe Mama Chiku, tangu nirudi mnanishika kanga kila tukionana: "Somoe, huko porini kulikuwaje?" Nikianza kueleza, mmoja anakumbuka sufuria jikoni, mwingine anapigiwa simu, na habari inabaki mguu mmoja. Basi nimekaa nikaiandika kwenye daftari, asome mwenye nafasi yake. Mambo ya malipo na vibali msiniulize. Rehema aliyamaliza kwenye simu, mie nikiwa nachambua mchicha.

Kabla ya kutoka Chamazi

Mnajua nimezaliwa Liwale, kijiji kilichopakana na pori. Msilolijua ni jina la Jike.

Nilikuwa na miaka kama tisa simba alipoanza kula watu kwetu. Wa kwanza alikuwa Bi Fatu Mpondo, akifuatiwa na Likungwa muuza chumvi. Wa tatu ni Hamisi Seleman, kijana ambaye hata ndevu hazijaota. Kwa ukubwa wa nyayo zake, wazee wakasema huyo mla watu ni dume. Baba yangu, Issa Mbwana, alikuwa na gobori. Alikaa juu ya mti karibu na kisima siku tatu, ya nne akampata. Hakushuka haraka, aliogopa kwamba mnyama hajafa sawasawa, na mpaka anashuka fisi walishawahi kula sehemu zote za tumboni na nyuma. Akachuna kilichobaki, akarudi na kichwa na ngozi begani. "Dume," akasema. "Dume kubwa. Limekwisha."

Jumbe wetu, Bwana Chande, alikuwa amefanya kazi Arusha miaka mingi. Akaikunjua ile ngozi, akaipapasa shingoni, akacheka. "Issa, mie madume ya simba nimeyaona. Dume lina nywele shingoni kama limejifunga shuka. Hili ni jike. Dume lenyewe bado lipo."

Watu wakaogopa upya. Mwezi haukuisha, kijiji kizima kikahamia kando ya barabara, mtama tukauacha umesimama shambani. Kwa hiyo hakuna aliyejua kama simba amekwisha au hajaisha, maana hakuna aliyebaki wa kuliwa. Baba akaitwa Bwana Jike mpaka anaingia kaburini.

Waliolijua jina hilo wamekufa wote, kasoro mmoja, Mzee Athumani Seleman wa Mbagala Kizuiani, mdogo wake yule Hamisi aliyeliwa. Kwa ukoo yeye na mie ni watani. Nikienda kumsalimia ananipokea mlangoni, "Karibu, binti Jike!" Wajukuu zake wanacheka. Mie nacheka nao, lakini nikifika nyumbani chakula hakishuki.

Sasa Rehema. Huyu ni mjukuu wangu, mtoto wa marehemu binti yangu Zainabu. Nimemlea tangu hajajua kukaa, na ananiita Mama. Alipokuwa darasa la kwanza mtoto mmoja, Sikudhani, alimwita yatima mbele ya wenzake, akarudi analia. Nikamwahidi kwamba mbele za watu mie ni mama yake, basi. Tangu siku hiyo sijamwambia mgeni yeyote kuwa mie ni bibi yake.

Kazi yake Rehema ni kupiga picha za harusi. Siku moja ukumbini Chang'ombe mgeni mmoja alimsimulia kwamba kwenye hifadhi ya huko Rufiji, pori lilelile linaloshuka mpaka kwetu Liwale, madume mengi ya simba nywele zao ni chache, na mengine hayana kabisa. Rehema akaja mbio. Akanitafutia picha kwenye simu, tukampelekea Mzee Athumani. Akavaa miwani, akatazama, akairudisha simu.

"Siku hizi simu inamvisha punda suti na tai," akasema. "Nenda mwenyewe, binti Jike. Umwone kwa macho yako, umpige picha, uje uniapie hapa. Na usiniletee uso! Uso bila nywele ni jike tu. Niletee nyuma, ndiko kwenye ushahidi."

Alisema akicheka, kisha kikohozi kikamshika mpaka mkwewe, Mariamu, akaja kumshika mabega. Kifua chake kilikuwa kimeshakuwa kibaya. Nikarudi nawaza, huyu akiondoka kabla sijamletea picha, Baba atabaki Jike milele. Hatakuwepo mtu wa kuambiwa kwamba alikosea.

Mbagala hadi Kibiti

Basi lilitakiwa kuondoka Rangi Tatu saa kumi na mbili asubuhi. Liliondoka saa tatu, sababu ya kabati. Kulikuwa na bi harusi, Tatu, anapelekwa Mkongo kwa mumewe, na kabati lake la vioo halipandi juu ya basi wala haliingii ndani. Kondakta Shabani akaanza kulivua milango, shangazi yake Tatu akamkataza.

"Nimelinunua zima, litafika zima!"

"Shangazi, kwani limekufa? Nalivua milango tu."

"Mvue wa kwako nguo umpeleke ukweni hivyo!"

Tulicheka mpaka hasira ya kuchelewa ikaisha. Mwisho milango ilisafiri ndani ya basi, imefungwa kwenye shuka. Shangazi akaishika mapajani mwake kama mgonjwa.

Mkuranga tulinunua mananasi kwa Mwanahawa, kigoli mwenye kisu kikali kuliko cha kinyozi. Njiani Rehema akanifundisha kamera yake kubwa. "Mama, bonyeza kidogo kwanza. Ikilia tii, ndiyo bonyeza yote." Nikawapiga picha abiria. Ya Shabani ilitoka meno matupu. Shangazi alikataa mpaka arekebishe mtandio, na alipomaliza kuurekebisha tukawa tumefika Kibiti.

Kibiti tulikula kwa Bi Hadija, wali wa nazi na perege wa mto Rufiji, mbichi, amekaangwa palepale. Nikamuuliza samaki wako wamevuliwa lini. Akanitazama. "Mama, huyu unayemla, wenzake hawajajua kama hayupo." Nikaongeza wa pili.

Kibiti hadi Mloka

Ukiiacha lami ya Kibiti unaingia vumbi. Vumbi lenyewe jekundu, linaingia mpaka kwenye pochi iliyofungwa zipu. Mkongo tulimshusha bi harusi na kabati lake, milango ikarudishwa mbele ya wakwe, shangazi akapiga vigelegele peke yake. Mwendo mfupi baada ya hapo, chuma cha chini ya basi kikakatika, tukakaa porini saa tatu nzima.

Jirani yangu kwenye kiti alikuwa Mwalimu Tumaini, mtu wa Kyela, anafundisha shule ya msingi huko mbele. Mwanamke mpole, ana kapu lake la chakula. Tulipotandika kanga kivulini akafungua hotipoti, akaniambia kwa adabu zote, "Bibi, karibu mbalaga."

Nikamwambia, "Mwanangu, Mbagala ndiko nilikotoka asubuhi. Sirudi mpaka nimemaliza shida yangu."

Akanitazama, nami nikamtazama. "Mbalaga, Bibi."

"Nimekusikia. Basi limeharibika, najua, lakini huko sirudi!"

Rehema alikuwa ameanguka chali anacheka. Kumbe mbalaga ni chakula cha kwao, ndizi zilizopikwa na nyama zikashika rojo. Nilikula hizo ndizi mpaka nikaona haya, na Mwalimu Tumaini akawa kila akinipakulia anasema, "Ongeza Mbagala kidogo, Bibi." Tangu siku hiyo ananipigia simu, na salamu yake ni hiyohiyo, "Hamjambo wa Mbalaga?"

Fundi alikuja na pikipiki, jina lake Kassimu. Akaingia chini ya basi na mfuko wake wa spana, akaunga chuma. Tukafika Mloka jua limeshachwea.

Mloka, nilipopata mkwe

Hapa ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe ni la kuitikia salamu.

Asubuhi dereva wa kutuingiza hifadhini alitufuata kwenye nyumba ya wageni. Gervas, Mngoni wa Songea, miaka thelathini na kitu, kofia ya mduara, mcheshi. Alimkuta Rehema mlangoni anafuta kamera, akamwangalia, akaniangalia na mie, akapiga goti. "Shikamoo, mama mkwe!"

Mie nilikuwa natafuta kiatu changu cha kushoto. Nikaitikia tu bila kufikiri, "Marahaba, mkwe wangu."

"Mama!" Rehema akang'aka. "Umeshaniozesha? Hata mahari hujataja!"

Nyie watu wa mjini mtasema utani. Kila muuza nyanya mwenye binti anaitwa mama mkwe siku hizi. Lakini mie nilikuzwa kwetu. Kwetu ukwe hauchezewi. Ukishaitikia, umeitikia. Mkwe humtazami usoni, huli naye, na neno lolote la chini ya kiuno halipiti baina yenu hata kwa mafumbo. Na pale ningeweza kumwambia, "Mie si mama yake, ni bibi," maana mume wa mjukuu hana ukwe na bibi, huyo ni mtani, mnaongea mtakavyo. Lakini nilikuwa nimeahidi. Nikajifunika kanga mpaka kwenye nyusi, nikapanda gari kiti cha nyuma.

Garini tulikuwa na mgeni mwingine, Henriki, Mjerumani mrefu aliyejifunza Kiswahili kwenye kitabu. "Je, Bibi," akaniuliza, "wewe u mzima wa afya?" Nikamwambia ni mzima. "Je, unajifunika kwa sababu ya baridi?"

"Kwa sababu ya mkwe," nikasema, nikamwonyesha Gervas kwa kidevu. Henriki akafungua kitabu chake kidogo, akatafuta, akampa Gervas mkono wa pongezi. Rehema akainamisha uso kwenye mkoba wa kamera, hakuuinua mpaka langoni.

Ndani ya hifadhi

Asubuhi ile tuliona twiga, wanatutazama kwa juu kama wakubwa wa ofisini. Tuliona viboko wamejaa ziwani, masikio tu yako nje. Nyumbu, pundamilia, nguruwe pori wanaokimbia mkia juu. Gervas ana simu ya upepo garini, wenzake wanaelezana humo. "Sharubu kuna mtu ameona?" "Hapana, sharubu leo wamejificha."

Nikamuuliza, nikiwa natazama dirishani, sharubu ni nani.

"Ni simba, mama mkwe. Neno simba kila mgeni analijua. Tukilitaja, mgeni anasimama kitini, halafu tukifika hayupo, ananuna siku nzima. Kwa hiyo tunamwita sharubu."

Nikampenda kwa hilo. Nasi Wangindo tukiwa porini jina lake hatulitaji, tunasema mwenye pori. Sie twaogopa asisikie yeye, wao waogopa wasisikie wageni.

Saa saba tukasimama mahali pa kulia chakula, pana meza kando ya maji. Kila mtu boksi lake, kuku, chapati, yai, ndizi. Gervas akakaa mezani. Sasa mie nile vipi na mkwe? Nikachukua boksi langu taratibu, nikaenda zangu nyuma ya kichaka. Nimeshamega chapati mara mbili nikasikia mtu anakimbia.

"Mama mkwe! Rudi! Huko hakuruhusiwi!"

"Usinisogelee, mkwe, nakula!"

"Wewe unakula, na wewe utaliwa! Hapo jana kulikuwa na nyati!"

Nikarudi nimeinamisha kichwa. Ikabidi niketi ndani ya gari, madirisha yamefungwa, nikala kwa joto kama niko kwenye tanuri la mikate. Henriki akaandika kitu kwenye kitabu chake. Sijui ameandika nini kuhusu sie.

Saa tisa simu ya upepo ikalia. "Sharubu watano, kando ya ziwa la pili, upande wa mikindu." Gervas akageuza gari pale pale.

Jamani, niwaambie nini? Walikuwa wamelala kwenye nyasi kavu, majike wawili na watoto wawili wanaparamiana, na pembeni kidogo, chini ya kijiti, mkubwa wao. Kichwa kama karai la kubebea zege. Amekilaza juu ya mikono, anatutazama, na shingo yake tupu, haina unywele.

"Huyo dume," Gervas akanong'ona. "Mtu mzima. Wa huku wengi ndivyo walivyo."

Nilimwona Baba. Nilimwona kabisa, ana ngozi begani, anasema "Dume kubwa," na watu wamenyamaza wakimngojea Bwana Chande aikunjue.

Henriki na Rehema wakapiga picha, nyingi kama mvua. "Uso mzuri! Uso mzuri kabisa!" Henriki anasema. Uso, uso, kila mtu uso. Baada ya muda Gervas akatazama saa. "Lango linafungwa saa kumi na mbili, na ni mbali. Tumepata, tuondoke?"

Nikasema, "Mkwe, tuzunguke upande ule."

"Upande ule jua linapiga kamera usoni, mama mkwe. Picha itaungua."

"Nataka... nataka mkia."

Akasogeza gari kidogo, mtu mwema. Mkia ukaonekana, umelala kwenye nyasi kama kamba. "Haya, mkia huo."

"Si mkia wenyewe."

"Basi nini, mama mkwe?"

Kinywani mwangu lile neno lilikuwa zito kama jiwe. Nitamwambiaje mkwe? Rehema ameweka jicho kwenye kamera, anajifanya hasikii. Gervas akasubiri, akaona kimya, akawasha gari. Gari likaanza kurudi nyuma. Nikaona safari yote inarudi nyuma nalo, vumbi, kabati, mbalaga, na Mzee Athumani amekaa Kizuiani anakohoa. Nikashika kiti. Machozi yakanitoka, wallahi, bikizee mzima.

"Simama," Rehema akasema. Akaishusha kamera. "Kaka Gervas, simamisha gari. Huyu si mama mkwe wako."

"Ni utani tu dada, samahani kama nime..."

"Huyu si mama yangu. Ni bibi yangu. Mama yangu alikufa nikiwa mchanga, huyu ndiye aliyenilea. Kwa hiyo hakuna ukwe hapa, umesikia? Ni bibi yako na wewe." Kisha akanigeukia. "Sema sasa, Bibi. Mwambie unachotaka."

Bibi. Miaka ishirini na minne sijaitwa hivyo na mtoto huyu. Nilidhani litaniuma, hilo neno, kumbe lilinivua kanga. Niliivua kweli, nikaitupa mapajani, nikamtazama Gervas machoni kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Mume wangu," nikamwambia, "mimi nimetoka Chamazi kuja kupiga picha mapumbu ya simba."

Gervas alizima gari bila kukusudia. Henriki akashika kitabu, "Je, mapumbu ni ndege?" na hapo ndipo Rehema alipokwisha kabisa. Alicheka mpaka akateleza kutoka kwenye kiti, kamera imemwangukia mapajani, hawezi kuishika. Nami nikamweleza Gervas yote haraka haraka, Baba, ngozi, fisi, Bwana Chande, Mzee Athumani. Alipoelewa akaacha kucheka. "Bibi," akasema, "ungeniambia tangu asubuhi. Hao jamaa ndio kazi yangu."

Akalizungusha gari polepole, akalisimamisha nyuma ya yule mkubwa, mbali kama kutoka hapa kwangu mpaka kwenye genge la Mama Chiku. "Sasa tusiongee. Akiamka atakojolea kile kijiti, madume wana desturi hiyo. Jiandae."

Tukakaa. Jua linateremka. Gervas anatazama saa yake, anaificha mkononi nisiione. Ghafla mwenye pori akainuka. Rehema bado anafuta machozi ya kicheko. Nikainyakua kamera. Mwenye pori akajinyoosha, mbele akashuka, nyuma akapanda, akatupa mgongo, akaegemea kile kijiti, akainua mkia juu kama fimbo ya mkwaju.

Bonyeza kidogo. Tii. Bonyeza yote.

Nilipiga kumi na nne. Tano ni nyasi, tatu ni mlango wa gari, moja ni sikio la Gervas, nne zimetikisika. Moja imetulia. Mkia juu, na chini yake ushahidi wote, mmoja na wa pili, wala hakuna wa kubisha. Na kwa rehema ya Mungu, wakati ule aligeuza shingo kutazama nyuma, ikaonekana shingo tupu humohumo kwenye picha moja.

Tulifika langoni dakika chache kabla ya kufungwa, vumbi mpaka kwenye meno. Chakula cha jioni nilikula meza moja na Gervas, sahani moja, nikamnyang'anya paja la kuku.

Kurudi, na Mbagala Kizuiani

Kurudi hakukuwa na mkasa. Basi halikuharibika, na Shabani, niliyemsimulia shida yangu siku ya kwenda, alikuwa ananiuliza kila kituo, "Bibi, umempata?" Rehema aliniita Mama mpaka Mkuranga, halafu akaniita Bibi, halafu akaacha kuchagua. Gervas amepiga simu mara nne tangu turudi kuuliza hali ya mguu wangu. Mguu wangu haujawahi kuuma.

Chang'ombe kuna duka la kuchapa picha, tukaitoa kubwa kama trei ya chai. Kijana wa dukani, Imani, aliitazama, akatutazama. "Mna hakika ndiyo hii?" Rehema akamwambia, "Ndiyo hiyo. Na uitie fremu."

Mzee Athumani tulimkuta kitandani, ameegemezwa mito. Siku hiyo hakuweza kuniita binti Jike kama kawaida yake ya mlangoni, pumzi haitoshi. Mariamu akamvisha miwani. Nikamwekea fremu kifuani, nikaapa kama alivyotaka, kwa jina la Mungu, kwamba nimemwona kwa macho yangu na nimempiga kwa mkono wangu huu.

Nilikuwa nimejiandaa anibishie, nilikuwa na majibu saba. Akasogeza kidole mpaka shingoni, akakishusha mpaka chini, akakirudisha shingoni. Akavua miwani.

"Kumbe alikufa," akasema.

Nikadhani anamsema Baba. Nikamwambia ndiyo, Baba alikufa, ni miaka mingi.

"Si Issa. Yule aliyemla kaka yangu." Akavuta pumzi. "Somoe, mie nimekaa miaka yote hii nikijua yuko hai huko porini. Ameshiba, amezeeka, amekufa zake kwa usingizi. Kumbe alikufa wiki ileile. Baba yako alimuua wiki ileile."

Yale majibu yangu saba yote yalikuwa ya kubishana. Miaka yote mie nilikuwa nauguza jina la Baba, sikuwahi kufikiri yeye anauguza nini. Nikamshika mkono. Mariamu akatoka, akavuta pazia la mlango.

Baadaye nikamuuliza Hamisi alikuwa mtu wa namna gani. Mie majina nayakumbuka, la Hamisi nimekuwa nalitaja tangu utoto, la tatu baada ya Bi Fatu na Likungwa, lakini mtu mwenyewe sikuwahi kumuulizia. Mzee Athumani akakaa vizuri kwenye mito. Akaeleza mpaka adhana ya alasiri, akipumzika katikati, Rehema amekaa chini anasikiliza. Hamisi alikuwa mwembamba, haogopi maji, anapenda ubuyu. Alikuwa na mluzi wake wa kuita kwale, akiupiga jioni shambani, kwale wanamjibu mpaka mama yao anamfokea, "Hebu waache wenzio walale."